Aliyelala Asiamshwe

Jumatano, 4 Machi

Wateja watano tu leo. Mmoja alikuja na taulo na sabuni! Kosa si lake. Madamu, mwenye nyumba hii, ameandika BAFU LA SAUTI kwenye bango kwa herufi za kuonekana tangu kona ya mtaa, sasa mtu afikirie nini? Nikamweleza taratibu. Hapa hakuna maji. Unavua viatu mlangoni, unalala kwenye godoro, unafunikwa blanketi na kitambaa cha macho, mimi napiga gongi, lile sinia kubwa la shaba la kutundika, na mabakuli ya shaba kwa saa nzima, unaondoka umetulia. Akauliza, "Basi?" Basi. Akashuka ngazi na sabuni yake.

Mwaka wa pili huu, ghorofani, juu ya duka la vioo. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa miaka kumi na tisa, ofisi ikafungwa kwa tangazo la mistari mitatu ambalo nililichapa mimi mwenyewe. Gongi nilijifunza kwa wiki mbili. Watu wanaamka wakilia, wananishika mikono, wananiita mwalimu. Mimi sijawahi kusikia chochote zaidi ya chuma. Hilo namwambia nani? Naliandika hapa, basi.

Wifi alipiga simu mchana. Presha ya kaka imepanda tena. Hapati usingizi, na kwenye karakana yake ya makochi anagombana mpaka na misumari. Eti nimchukue nimlaze huku. Kaka alikuwa pembeni, namsikia kabisa: yeye fundi mzima alale chini apigiwe sinia na mdogo wake? Eti debe tupu haliachi kuvuma, na yeye amepata la kwake! Wifi alicheka sana. Mimi pia nilicheka. Lakini iliniuma kidogo.

Nimesema Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nitamlaza tu.


Jumamosi, 7 Machi — saa nne na dakika kumi, chumba cha chai

Amelala! Kaka yangu, mbishi wa ukoo, amelala!

Alikuja akinung'unika. Alivua viatu, akakunja soksi akazisokomeza ndani, akauliza kama akifa huku tutamrudishia nauli. Wenzake kwenye magodoro wakacheka. Saa tatu nikaanza na bakuli dogo. Alikuwa anajigeuza, anakohoa makusudi. Saa ya ukutani ilipofika tatu na nusu — kimya — halafu akaanza kukoroma. Si kukoroma kwa kawaida, ni kwa trekta! Kunakwama, kunaanza tena. Shavu la kulia linajaa upepo na kutoa, pff, pff. Nilijiuma mdomo nisicheke.

Madamu alitufundisha: mfuate aliyelala fofofo kuliko wote, gongi lifuate pumzi yake. Nikamfuata kaka. Akivuta, nanyanyua. Akitoa, napiga. Nusu saa nzima! Kwa mara ya kwanza nadhani nilisikia kitu.

Wengine wameamka saa nne, wameondoka. Yeye bado. Sheria ya nyumba ni moja, aliyelala asiamshwe, mwili unajitengeneza. Tunamwekea jiwe jeupe karibu na kichwa ili mtu yeyote asimguse. Jiwe nimeweka mimi mwenyewe. Binti wa mapokezi amemwandika kwenye daftari la ushuhuda, la wateja waliopata nafuu.

Ngoja aamke aniambie habari ya sinia.


Jumapili, 8 Machi

Kiharusi.

Nimeliandika nikalifuta, nimeliandika tena.

Saa sita kasoro robo nilirudi kuondoa jiwe, maana wateja wa saa sita walishaanza kupanda. Kukoroma kumekwisha. Nikaita, kaka. Nikamtikisa. Jicho moja likafunguka lote, jingine nusu. Mdomo umekwenda upande. Mate yamelowesha godoro, mkojo umelowesha blanketi. Mkono wa kulia niliuinua ukaanguka kama si wa mtu.

Madamu hakupiga kelele. Aliita wanaume wa duka la vioo wamteremshe hadi kwenye gari lake. Kwenye ngazi akanishika kiwiko. Akasema tuseme aliamka vizuri. Alitushukuru. Aliinama kuvaa viatu, akaanguka. Kwa sababu wakisikia amelala hapa muda wote ule bila kuguswa, nyumba itafungwa, na wa kwanza kuulizwa ni aliyeweka jiwe. Alisema kwa upole kabisa, kwa sauti ile ile anayowaambia wateja walegeze mabega.

Hospitali tulifika saa saba. Daktari, mwanamume mwembamba asiyepandisha sauti, aliuliza swali moja kabla hata ya jina. Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi? Madamu akajibu. Saa sita kasoro robo. Daktari akanigeukia mimi. "Wewe ndiye ndugu. Ni hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikutamka neno! Tangu jana najipa moyo hivyo, kwamba sikutamka neno. Upuuzi.

Foleni ya kupiga picha ya kichwa. Majibu yakatoka saa tisa na kitu. Daktari akasema tuna bahati. Ipo sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini haisubiri: ni ndani ya saa nne na nusu tangu mtu alipokuwa mzima. Zikipita, damu inaweza kumwagikia ndani ya kichwa. Kwa hesabu zake, muda ulikuwa bado. Wifi alishafika, khanga imefungwa juu juu, kandambili za ndani miguuni. Akasaini. Akanishika mkono mbele ya daktari: "Bora alikuwa na wewe, wifi yangu."

Kukoroma kulianza saa tatu na nusu. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Zaidi ya saa tano na nusu zilikuwa zimepita.

Nesi alikuwa anautafuta mshipa. Mlango uko wazi, daktari yuko hatua mbili kutoka kwangu. Nikajisemea, kama sindano ndiyo ya kumwokoa, niizuie mimi? Nilijisemea hivyo. Ukweli ni kwamba niliuogopa uso wa wifi.


Jumatatu, 9 Machi

Damu imemwagika kichwani. Wameiona kwenye picha ya asubuhi.

Hamezi. Hasemi. Amewekewa mpira puani.

Siwezi kuandika.


Jumanne, 10 Machi

Binti yao amefika, safari ya siku nzima. Anasomea maabara mwaka wa mwisho, na tangu utotoni ni mtu wa kuuliza. Alikaa na baba yake, akamfuta mdomo, akamkata kucha za mkono uliokufa. Halafu akaja kwangu kwenye benchi la nje na mfuko wa nailoni niliokuja nao hospitali Jumamosi. Ndani mna viatu vya baba yake.

Aliniuliza baba aliangukia wapi. Nikasema mlangoni. Akifanya nini? Akivaa viatu. Akatoa kiatu kimoja, akaingiza vidole, akatoa soksi. Imekunjwa vizuri, kama kaka anavyokunja kila kitu. Akatoa na ya pili.

"Shangazi, mtu anavaa viatu soksi zikiwa ndani?"

Nikasema labda alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Akasema labda. Akazirudisha soksi zote mbili mahali pake, akafunga mfuko.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu naona inarefuka tu, na kila hatua nakutana na mtu ninayempenda.


Alhamisi, 12 Machi

Nilimvizia daktari kwenye korido. Nilikuwa nimejiandaa, nimekariri na maneno. Nikaanza kwa mbali: je, ile damu kumwagika, ingeweza kuwa sindano ilichelewa? Akasema inaweza kumwagika hata kwa aliyewahi. Wapo wachache huwatokea. Kwa huyu, ilikuwa ndani ya muda, kwa hiyo ni bahati mbaya tu.

Na kama haikuwa ndani ya muda?

Akanitazama. "Unaniuliza kama nani?"

Nikasema nauliza tu. Akasubiri. Alisubiri kwa kweli, faili kifuani, watu wanampita. Nikauliza kitu kingine, kijinga: mtu wa hali ile, wakati inamtokea, anajua? Akasema wengine hawajui lolote. Wengine wanasikia kila kitu, hawawezi tu kusogea wala kuita.

Nikamshukuru. Nilimshukuru! Nikaenda chooni nikakaa mpaka mtu akagonga.

Nusu saa nzima nilimfuata pumzi. Akivuta nanyanyua, akitoa napiga. Kama alikuwa anasikia? Kama alikuwa mle ndani ananiita, na jibu langu kila mara ni gongi?


Jumatatu, 16 Machi

Nimerudi kazini. Madamu amenikumbatia, ameniwekea maua kwenye chumba cha chai. Amesema tumwombee mgonjwa, na kwamba kila jambo lina sababu yake. Nilimuuliza, sheria ya jiwe tuiondoe? Akashangaa. Watu wanakuja hapa kwa sababu ni mahali pekee ambapo hakuna wa kuwaamsha. Tukianza kuwaamsha tutakuwa na tofauti gani na nyumbani kwao?

Kipindi cha saa nne mama mmoja mnene alianza kukoroma. Nikaweka chini kirungu cha gongi, nikamwendea, nikamtikisa bega kwa nguvu. Alishtuka akanizaba kofi! Kila mtu akavua kitambaa cha macho. Nikamwambia atabasamu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia inua mikono yote miwili. Akainua — yote miwili, sawasawa — nikalia mbele za watu.

Amerudishiwa hela yake. Madamu amesema nipumzike siku kadhaa.


Jumamosi, 28 Machi

Kaka yuko nyumbani. Hospitali wamemaliza yao, kitanda kinahitajika. Daktari hakutupa ahadi. Wifi alitaka aambiwe lini ataongea, akaambiwa miezi sita ya kwanza ndiyo huonyesha. Amehesabu mpaka Septemba, ameandika kwenye kalenda ya ukutani.

Wamemweka sebuleni kwenye kochi alilolishona mwenyewe, wamelitandika nailoni. Mkono wa kulia umelala kwenye mto. Wa kushoto una nguvu, anaugeuza kila upande kama anautafutia kazi. Mpira wa puani umetolewa, analishwa uji kwa kijiko, nusu unarudi. Sauti aliyonayo ni moja: "Ba." Ba ya njaa, ba ya mkojo, ba ya hasira. Mtu wa mazoezi amewafundisha kumuuliza kwa macho. Akifumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Na anaelewa! Wifi alimuuliza kama uji ni mtamu, akafumba mara mbili, nyumba nzima ikacheka. Yeye upande mmoja wa uso ukacheka.

Nilipoingia mimi hakufumba chochote. Alinitazama. Nikasema shikamoo kaka. Akaendelea kunitazama mpaka nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Naomba aongee. Naomba asiongee. Dua zote mbili nazipeleka kwa Mungu mmoja, kwa mdomo huu huu. Sijui ananionaje.

Daftari hili sasa natembea nalo. Nimesoma tena ukurasa wa Jumamosi ile. Saa nne na dakika kumi. "Amelala!" Kwa mwandiko mzuri kabisa wa mpiga chapa. Nilishika ukurasa ili niuchane. Sikuuchana. Si kwa ushujaa. Nilifikiri tu, nikichana huu, watakaoijua saa ile ni mimi na yeye, na yeye hasemi, kwa hiyo nitakuwa peke yangu kabisa.


Jumatatu, 6 Aprili

Nilimsindikiza wifi karakana. Wateja wanakuja kuchukua makochi yao kama yalivyo, mbao tupu, springi nje. Mmoja amekataa hata kuchukua, amesema alitaka mkono wa kaka, si mkono mwingine. Alidhani anasifu.

Chini ya meza ya kukatia kuna kiti kidogo kimevikwa kitambaa cha buluu, hakijafungwa nyuma. Wifi anasema kilikuwa changu. Kaka aliona kwenye picha napiga gongi nimesimama saa nzima, akasema mgongo wa mdogo wake utakatika. Alikuwa anipe siku ile ile ya Jumamosi ila gundi ilikuwa haijakauka.

Sikukichukua. Wifi akadhani ni uchungu. Ni uchungu, ndiyo. Lakini siwezi kukikalia.

Njiani akaniomba nilete gongi nyumbani. Madamu amemwambia kwamba siku ile kaka alilala vizuri sana, akaamka anacheka, akasema hajawahi kupumzika namna ile. Wifi amelishika hilo kwa mikono miwili. "Kitu cha mwisho kumpa raha ni gongi lako, wifi. Labda ndicho kitakachomrudisha."

Nilisema gongi ni zito. Akasema atakodi bajaji.


Jumapili, 12 Aprili — jikoni kwa kaka

Nimebandika maji yachemke, naandikia gotini. Nitajua baadaye nilichoandika.

Gongi lililetwa saa tisa. Tulilitundika kwenye fremu ya kuanikia nguo, wifi akafunga pazia. Alikuwa amemvisha kaka shati la kutokea. Binti amekaa upande wa kushoto wa baba yake, chini, magoti kifuani. Mimi nimesimama na kirungu kama mtu aliyekuja kuua kuku.

Nilianza na bakuli dogo, lile lile ninaloanzia siku zote. Kaka akaanza kupumua haraka haraka. Wifi akasema kwa furaha kwamba anakumbuka! Nikaligeukia gongi. Nikanyanyua kirungu kando ya kaka — na mkono wake wa kushoto ukapanda, ukakidaka.

Nguvu alizonazo! Nilivuta. Hakuachia. Anavuta misumari kwa mkono ule miaka thelathini. Wifi akapiga makofi, machozi yanamtoka. "Anataka apige mwenyewe! Mwachie, wifi, mwachie apige!"

Nikaachia.

Hakupiga. Alikileta kirungu kifuani akakibana kwa mkono, akanitazama. "Ba," akasema. Wifi akaendelea kucheka na kulia. Akamwelekezea gongi kwa kidole: piga baba, piga pale. Kaka akafumba macho mara mbili. Wifi akadhani amechoka.

Binti hakupiga makofi. Alisogea, akamgeuza baba yake uso taratibu wamtazamane. Akamuuliza kama hataki gongi. Akafumba mara moja. Ndiyo, hataki. Kwa nini hataki, linamuumiza kichwa? Mara mbili. Linamwogopesha? Mara moja. Wifi akaacha kucheka. Binti akauliza polepole, neno kwa neno, kama anayesoma kipimo:

"Baba. Siku ile, uliamka ukavaa viatu?"

Nikasema naenda kuchemsha maji ya chai. Sikusubiri jicho. Hakuna aliyeniomba chai!

Kutoka hapa naona nusu ya mlango na mguu wa binti. Anauliza tena. Sasa anauliza kingine, sauti ya chini zaidi, nasikia tu "shangazi" na "ulikuwa unasikia". Kaka anasema ba, ba, ba, kwa kasi, sijawahi kumsikia hivyo tangu augue.

Mlango wa nyuma uko wazi, kamba ya nguo, geti, barabara. Mkoba uko sebuleni. Nina daftari tu.

Maji yamechemka, yanamwagikia moto.

Wifi amesimama mlangoni mwa sebule. Ananiita. Miaka ishirini na sita ndani ya ukoo huu hajawahi kuniita hivi — siyo wifi. Ameniita kwa jina langu.